Bustani ya Nyumbani: Ua la Mateso na Jirani Asiye na Kosa



Juma hili nilikusudia kuendelea na habari za vitunguu, lakini barua moja imenilazimu kuviweka vitunguu kando. Imetoka kwa baba mmoja wa upande wa Wamaza, katika nchi ya Kasongo na Kabambare. Jina lake silitaji, kwa sababu mambo aliyoyaandika yahusu nyumba yake na nyumba ya jirani yake.

Baba huyo aeleza hivi. Miaka mitatu iliyopita rafiki yake alimpa mche mmoja wa marakuja, wa aina ile yenye tunda la manjano. Aliupanda karibu na baraza, nao ukakua upesi. Akaona ni vema kuuongeza: akakata vipande vya matawi yake, akavitia udongoni, akapata miche mingine mitatu. Kisha akajenga chanja cha miti, na mimea yote minne ikakipanda na kukifunika. Kivuli ni kizuri, majani ni mabichi, na maua ni mengi kuliko mtu awezavyo kuhesabu. Lakini mwaka wa kwanza maua yote yalianguka pasipo kuacha tunda hata moja. Mwaka wa pili vilevile.

Ndipo watu walipoanza kusema. Iko jirani, mama mzee mjane, ambaye kila alasiri hupita hapo akitoka mtoni, na mara nyingi husimama kuyatazama maua na kuyasifu. Wakasema: mtu asifuye kila siku ana jicho baya. Wakaenda kwa mpiga ramli, wakamlipa kuku, naye akawaambia kwamba azuiaye matunda ni mwanamke akaaye upande wa machweo ya jua. Nyumba ya mjane iko upande huo. Tangu siku ile watoto wamekatazwa kumwamkia, mama wa nyumba hampi tena moto wala chumvi, na vijana kadhaa wameanza kunena maneno ya vitisho wapitapo mlangoni pake.

Baba huyo aniuliza mambo mawili: Je, iko dawa ya kuyazalisha maua hayo? Na kama haiko, je, aikate mimea yote? Juu ya mjane hakuuliza neno. Hata hivyo nitaanza na yeye.

Ndugu yangu, mama huyo hana kosa lolote juu ya marakuja yako. Sisemi hivyo kwa huruma tu, ingawa huruma ingetosha. Nasema hivyo kwa sababu barua yako yenyewe imetaja sababu za maua kuanguka, moja baada ya nyingine, nawe hukuzitambua. Nipe nafasi nikueleze ua hili lilivyoumbwa, kisha uamue mwenyewe.

Ua hili ni la namna gani

Marakuja ni ya jamii kubwa ya mimea itambaayo, ambayo wataalamu huiita kwa Kilatini Passiflora, yaani ua la Mateso. Jamii hiyo ina aina zaidi ya 500, na nyingi sana asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Baadhi hupandwa kwa ajili ya maua tu, kupamba kuta, nyua na baraza. Nyingine hupandwa kwa matunda. Ile tuilayo sisi ni Passiflora edulis. Tanzania huliita tunda lake pasheni, Kenya wengine husema karakara, nasi wa Kongo twasema marakuja, neno ambalo Wareno walilipokea kwa wenyeji wa Brazili.

Na kwa nini ua la Mateso? Wakristu wa kwanza kutoka Hispania walipofika katika nchi zile, waliliona ua hili wakastaajabu. Mwaka 1610 mwandishi Mwitaliani, Giacomo Bosio, alitoa huko Roma kitabu kikubwa juu ya Msalaba, na ndani yake akalieleza ua hili. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona likiwa hai. Alionyeshwa picha iliyochorwa, na mwanzoni alisita kusadiki kwamba liko ua la namna hiyo duniani. Mwaka 1753 mtaalamu Mswidi, Linnaeus, alipopanga mimea ya dunia kwa majina ya Kilatini, aliacha jina hilo la Mateso libaki, nalo ndilo litumikalo hata leo.

Twaa ua moja mkononi, ukae na watoto wako, mhesabu pamoja. Majani ya ua ni kumi: wamisionari waliyafananisha na Mitume kumi, wakimwacha Yuda aliyemsaliti Bwana na Petro aliyemkana. Nyuzi nyingi zilizozunguka katikati, nyeupe na za zambarau, ni taji ya miiba. Nguzo ndogo isimamayo katikati ni nguzo alipofungwa Bwana Yesu na kupigwa mijeledi. Vijiti vitano vyenye unga wa manjano ni madonda yake matano. Vichwa vitatu vilivyo juu kabisa ni misumari mitatu. Nyuzi zijikunjazo, ambazo mmea hushikia chanja, ni mijeledi. Na jani lenye ncha ni mkuki.

Hayo ni mafundisho mazuri kwa watoto, hasa wakati wa Kwaresima. Lakini tusiyazidishe. Mmea huu haukuota Yerusalemu, wala haukuumbwa tofauti na mimea mingine ili uwe muujiza. Wajapani wakilitazama ua hilohilo huona saa ya ukutani, na kwa lugha yao huliita ua la saa. Ua huwa kama picha: humkumbusha mtu habari aliyokwisha kuijua. Halina nguvu ya uchawi ndani yake, wala haliwezi kurogwa kwa kutazamwa. Kama macho yangeliweza kuliharibu, lingaliharibika kwanza kwa macho yako wewe mwenyewe, maana ndiwe ulitazamaye zaidi.

Kwa nini maua yaanguka

Sasa tazama tena vile vijiti vitano na vile vichwa vitatu, maana ndimo iliko siri ya tunda. Vijiti vitano hubeba unga, ndiyo mbegu ya kiume. Vichwa vitatu hupokea unga huo, na chini yake kimekaa kitunda kichanga cha kijani, kidogo kama punje. Unga usipofika juu ya vile vichwa, kitunda hakikui, na ua zima huanguka. Wala ua halingoji siku nyingi. Marakuja ya manjano hufungua maua yake yapata saa sita mchana, na usiku yapata saa tatu au saa nne huyafunga, yasifunguke tena. Kila ua lina nusu siku moja tu ya kufanya kazi yake.

Barua yako imetaja sababu mbili za unga kutofika. Ya kwanza ni hii. Marakuja ya manjano hayapokei unga wake yenyewe. Unga wa ua moja hauzalishi ua lile lile, wala ua lingine la mmea ule ule. Lazima utoke katika mmea mwingine. Nawe wasema una mimea minne. Lakini mitatu umeikata katika ule wa kwanza. Kipande kilichokatwa katika mti si mtoto wa mti, bali ni mti wenyewe uliohamishwa. Kwa hiyo huna mimea minne: una mmea mmoja uliosimama mahali panne. Wajua jinsi wazee wetu wakatazavyo watu wa tumbo moja kuoana. Mmea huu unashika sheria hiyo kwa ukali kuliko sisi. Hata ungalikuwa na vipande mia vya mmea ule, vyote vingalikupa maua na kivuli tu.

Ya pili. Unga wa marakuja ni mzito na wenye kunata. Upepo hauwezi kuuchukua. Huchukuliwa na wale nyuki wakubwa weusi, wenye sauti nzito, watoboao miti mikavu ili wazae ndani yake. Hao wana kimo kinachofaa: wakinywa maji matamu ya ua, mgongo wao hugusa vijiti vyenye unga, wakienda ua lingine, mgongo uleule hugusa vile vichwa vitatu. Nyuki wa asali ni wadogo mno. Mara nyingi huchukua unga na kwenda zao pasipo kugusa vichwa. Nawe umeandika, kama neno la kupita tu, kwamba nyuki weusi walitoboa nguzo za baraza yako, ukawamiminia mafuta ya taa ndani ya matundu hata wakaisha. Ndugu yangu, wale uliowaua ndio waliokuwa wafanyakazi wa bustani yako.

Iko na ya tatu, ambayo hukuitaja, lakini yawapata wengi katika nchi yetu yenye mvua. Unga ukilowa huharibika. Mvua ikinyesha mchana wakati maua yamefunguka, au upesi baada ya unga kufika, maua ya siku hiyo hupotea. Basi hata katika bustani iliyo njema, siyo kila ua huwa tunda.

Waona sasa: mmea mmoja ulioitwa minne, na nyuki waliokwisha kufa. Hayo yalitendeka katika uwanja wako, kwa mikono yako, wala hukuyatenda kwa ubaya bali kwa kutojua. Mama mjane alisimama njiani akasema maua ni mazuri. Naye alisema kweli.

La kufanya

Usiikate mimea. Ile uliyo nayo ni mizima na yenye nguvu. Kinachokosekana ni mwenzi wake.

Tafuta matunda ya manjano yaliyoiva, mawili au matatu, kutoka bustani za watu mbalimbali, hasa vijiji mbalimbali. Toa mbegu, uzioshe ute wake kwa maji na mchanga, uzianike kivulini, kisha uzipande mapema, maana mbegu mbichi huota vizuri kuliko zilizokaa sana. Katika majuma mawili hata manne zitatokeza. Kila mche uliotoka katika mbegu ni nafsi yake mwenyewe, wala si nakala ya mwingine. Miche ikifika kimo cha kiganja na kidole, ipande bustanini mvua za Septemba zikianza kushika. Chimba shimo la nusu meta, changanya udongo na samadi iliyooza, na acha meta tatu kati ya mche na mche. Chagua mahali pasipotuama maji, maana mizizi yake huoza upesi. Mwaka mmoja hivi baada ya kupandwa, huanza kutoa maua.

Chanja kiwe imara, cha kimo cha meta mbili, kwa sababu mmea huu hauna shina la kusimama peke yake. Mwaka kwa mwaka kata matawi makavu na yaliyozeeka, kwani matunda hutoka katika matawi mapya. Mmea mmoja hudumu miaka mitatu, minne au mitano. Kabla haujachoka, uwe umepanda mwingine.

Ukitaka matunda pasipo kungojea nyuki, fanya kazi yao kwa mkono. Mchana, yapata saa nane, vile vichwa vitatu huwa vimejiinamisha chini. Gusa kwa kidole unga wa ua la mmea mmoja, kisha uupake polepole juu ya vichwa vyote vitatu vya ua la mmea mwingine. Watoto waliotoka shuleni wataifanya kazi hii kwa furaha. Baada ya siku chache utaona kitunda kikivimba. Katika muda wa miezi miwili hata mitatu kitakuwa kimeiva.

Na nyuki weusi, uwarudishe. Tundika chini ya chanja gogo kavu la mti laini, mfano tawi la mwembe lililokufa, unene wa paja la mtu. Watatoboa humo, waache nguzo za baraza. Nguzo uzipake rangi, maana huchagua zaidi mti ulio wazi. Wala usiwaogope: dume hana mwiba, na jike hauma ila akishikwa.

Neno kwa wenzetu wakaao milimani Kivu, Rwanda na Burundi: ninyi hupanda zaidi marakuja ya zambarau, yapendayo baridi. Hayo hukubali unga wake yenyewe, nayo hufungua maua tangu alfajiri. Kwa hiyo msishangae mkiona kwenu mmea mmoja wazaa vema. Katika joto la Maniema ya manjano ndiyo yafaayo, lakini sherti yawe na mwenzi.

Mama wa nyumba aangalie haya

Tunda la marakuja lililoiva ni chakula bora kwa watoto. Lina vitamini A na C, na maji yake, yakichanganywa na maji yaliyochemshwa na sukari kidogo, ni kinywaji kizuri kwa mgeni. Tunda la manjano likiiva huanguka lenyewe. Liokote kila asubuhi. Usiwaache watoto kuchuma mabichi, maana tunda la kijani lina sumu ndani yake, kadhalika majani.

Tena waonyeni watoto waendao porini. Marakuja yana ndugu zake wa porini hapa Afrika, waitwao kwa Kilatini Adenia, nao pia hutambaa juu ya miti kwa nyuzi. Baadhi yao wana sumu kali, hata watu wa nchi mbalimbali huponda mashina yao ili kulevya samaki. Mtoto asile tunda la mmea utambaao asioujua, hata likifanana na lile la nyumbani.

Neno la mwisho

Ndugu yangu wa Wamaza, mambo ya bustani nimekwisha kuyajibu. Limebaki lile ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito.

Umemwondolea jirani yako jina lake jema. Katekismu yatufundisha kwamba aliyeiba mbuzi hapati maondoleo kama hataki kumrudisha mbuzi. Aliyeiba jina jema yampasa vilevile kulirudisha, na kulirudisha mbele ya watu walewale waliomsikia akilichukua. Haitoshi kuungama kwa Padre na kunyamaza kijijini. Wala haitoshi kusema moyoni kwamba hukumpiga. Sote twajua katika nchi yetu mambo yanayoanza hivi huishia wapi: kwanza hawamwamkii mzee, kisha hawampi moto, kisha usiku mmoja nyumba yake huwaka, na asubuhi hakuna aliyeona. Vijana wale wanaonena vitisho wanangoja tu kuona wewe utasema nini. Ukinyamaza, watadhani umewakubalia.

Kwa hiyo usingoje matunda yapatikane. Nenda leo, wewe na mkeo na watoto wenu, mchana watu wakiona. Umwamkie kama mtoto amwamkiavyo mama yake. Umwombe radhi kwa kinywa chako. Kisha uwaite wale vijana na wazee wa kijiji chini ya chanja, uwaonyeshe vijiti vitano na vichwa vitatu, uwaeleze habari za vipande na za nyuki, useme: kosa ni langu. Fedheha utakayoipata ni ndogo ukiilinganisha na damu ya mtu asiye na kosa. Na mtu ambaye kila mwaka, siku ya Ijumaa Kuu, husikia habari za Mtu aliyeshitakiwa kwa ushahidi wa uongo, hawezi kusema kwamba hakuonywa.

Mpiga ramli naye, usimrudie tena. Alikula kuku wako, akakuuzia jina la jirani yako.

Uliuliza kama ukate mimea. Bwana wetu alisimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu pasipo tunda, na mwenye shamba akataka ukatwe. Lakini mtunza-shamba alimsihi augoje mwaka mmoja zaidi, apate kulima kuuzunguka na kuutia samadi. Nawe ungoje vivyo hivyo. Panda mbegu zako Septemba hii. Na mche mmoja kati ya hiyo uupande uwanjani kwa yule mama, kando ya ukuta wake, umjengee na chanja kwa mikono yako. Mmea wake na mimea yako itafaana, maana nyuki watakwenda huku na huku kati ya nyumba zenu, nanyi nyote mtapata matunda.

Nangojea barua yako ya pili. Vitunguu tutavirudia juma lijalo, Mungu akipenda.

Mtunza-Bustani